Papa wa Lome

Mama Sauda wangu,

Usikasirike, nimekaa kwenye kiti chako. Changu mguu umelegea tena, na aliyejua mahali pa kukipiga ni wewe peke yako. Nipo hapa hapa Kigali, Remera, kwenye ateriye yetu ya ushonaji, karatasi nimeiweka juu ya cherehani yako ya miguu. Yule mwenye gauni la bluu aliyesema atakuja mapema bado hajaonekana. Unamjua, hajabadilika hata kidogo.

Nianze na habari njema, maana ulikuwa hupendi mtu akuanzie na mbaya kabla hujavua viatu. Sauda amejifungua mtoto wa kike. Hakumuuliza mtu, amempa jina lako. Mwajuma mdogo ana mashavu yako na, Mungu atusaidie, sauti yako. Akilia kule Busanza majirani wanasema fundi amerudi, amekuta pindo limeshonwa vibaya. Ile cherehani ya umeme uliyosema inashona kama inafukuzwa na mbwa, nimeinunua. Yako sijaiuza wala sitaiuza. Nimeigeuza tu ikatazama mlango, uwaone wanaoingia.

Siyo kwamba imekuwa rahisi. Zile wiki za kwanza baada ya kukuzika nilikuwa nafungua mlango nasema "hodi, mama yangu", halafu nabaki nimesimama na kufuli mkononi. Nililia juu ya sare za shule mpaka ikabidi nizipige pasi upya. Sauda akakusomea dua, mimi nikakuombea misa, yaani tumekuzungushia pande zote mbili, na najua ungesema hiyo ya kwangu niikunje niiweke kabatini. Nakukumbuka mpaka inauma. Hilo nalisema wazi, nisije nikaonekana nimezoea.

Lakini sikushika kalamu ili nilie. Jana nimecheka dukani kwa Baba Idi mpaka akaniletea maji na kiti, na njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta mtu wa kumsimulia. Hakuna anayefaa ila wewe, kwa sababu kichekesho chenyewe ni sisi wawili.

Ni hivi. Ninasafiri.

Ninapanda ndege, Mama Sauda, mimi Verediana niliyekuwa nafumba macho kwenye ngazi za umeme. Safari yangu ya kwanza kwenda nje. Wapo wanaosema siyo ya kwanza kwa kuwa nilizaliwa Karagwe, Tanzania, lakini kule nilitoka nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na mtu aliyeletwa kwao huku amelala hawezi kujisifu kwamba amesafiri. Sasa sare za shule zimeisha, kazi imepoa, nina nafasi ya safari moja, na mgongo bado unakubali kubeba begi. Nikasema ni sasa au basi tena.

Watu waliposikia, kila mmoja akanipa mji wake kama anagawa peremende. Jirani yetu muuza viatu anasema Dubai, kwa sababu yeye hata akiumwa kichwa dawa yake ni Dubai. Sauda alitaka niende Istanbul nimletee mapazia. Mume wa dada yangu akasema Mombasa inatosha, bahari ni bahari. Niliwasikiliza, nikasema ndiyo, nikasema nitafikiria, na moyoni nilikuwa nimeshachagua zamani. Mji wangu tuliuchagua mimi na wewe, katika chumba hiki hiki, mashine zetu zikitazamana.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya? Mvua inanyesha, wateja hawaji, wewe unasimamisha mguu, unanyoosha mgongo, unaanza: "Velediana, iko siku moja tutafika Lome." Kila mara hivyo hivyo. Ulimi wako haukuwahi kujali kama herufi ni l au ni r. Jina langu lenyewe hukulitamka sawasawa hata mara moja, na mimi nililipenda vile vile ulivyolipinda. Kwa hiyo sikio langu lilikuwa likikusikia unasema "Rome", kama wanavyosema wazee waliosoma Kifaransa, nami najibu, "Ndiyo, mama, tutafika Roma." Kukusahihisha ningeanzia wapi? Wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano.

Nilikuwa nashangaa kidogo, sikatai. Mama wa Kiislamu, asiyekosa swala, anaiota Roma? Nikajieleza mwenyewe kwamba unafanya kwa ajili yangu. Nikasema haya ndiyo mapenzi, mtu anauota mji wa dini ya mwenzake ili mwenzake asiende peke yake. Nilikusifu mpaka parokiani, Mama Sauda. Kuna akina mama wa kwaya wanaokuheshimu hadi leo kwa ajili ya jambo hilo.

Na ile siku ya Papa je? Nilikuwa nashona kola ya shati, nikakuambia mimi nikifika kule nataka kitu kimoja tu, nimwone Papa, hata kwa mbali, hata dirishani. Ukaniangalia vizuri, ukasema, "Dirishani ndio wanamuweka, asipate nzi. Weye utamwangaria tu. Mimi nitamkura na wari."

Nilinuna. Nilinuna mpaka tukafunga, na kabla ya kulala nikakuombea msamaha kwa Mungu. Kesho yake uliniuliza kwa upole nini hasa kinachonivutia kwake. Nikasema sijui, tangu utotoni nikimfikiria tu machozi yananilengalenga. Ukatikisa kichwa pole pole, ukasema, "Pore sana, mwana wangu," ukaendelea kushona vifungo vyako.

Halafu ikaja Noeli. Uliingia na kifurushi cha magazeti kilichoanza kunuka kabla hujafika mlangoni, ukakiweka mezani kwa heshima kama mtu aliyeleta mahari. "Nimekuretea yure wako," ukasema. Ndani mlikuwa na samaki mkavu, mweusi, mgumu kama soli ya kiatu. Sikuelewa ni wangu kivipi. Nilikushukuru, nikampika, nyumba yangu ikanuka mpaka mwaka mpya, na wewe kila siku unaniuliza kama nimefurahi. Nikasema nimefurahi, nikafungua madirisha.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Wiki hii nilikwenda kwenye ofisi ya tiketi kule Kicukiro. Nilipofika kaunta, badala ya kusema Roma nikasema kwa sauti yako, kwa kukuheshimu tu, "Nataka kwenda Rome." Msichana wa pale ni mwenzako kwa ulimi. Akasema sawa, mama, Lome, utapitia Addis Ababa, akabofya bofya kompyuta yake, akanipa karatasi, akaniambia nafasi wananishikia mpaka Ijumaa. Nikaikunja, nikaiweka kwenye pochi pamoja na rozari. Nyumbani nikavaa miwani, nikaifungua. Kigali, Addis Ababa, Lome. Chini yake wameandika Togo.

Nilikasirika. Nilisema peke yangu jikoni kwamba hawa watu wanampeleka mtu Afrika Magharibi na yeye amejiandaa kwa misa. Jana asubuhi nikatoka kwenda kurekebisha, na kwa kuwa kitambaa cha bitana kilikuwa kimeniishia, nikapitia kwanza sokoni kwa Baba Idi, yule yule aliyekuwa anakuuzia vitenge kabla mimi sijajua mkasi unafunguliwa wapi. Nikamwonyesha karatasi ili tucheke. Nikamwambia tazama, Mama Sauda kaiota Roma maisha yake yote, na mimi ninayetaka kumfikishia ndoto yake wananipeleka Lome.

Baba Idi hakucheka. Aliweka mita yake chini.

"Yure mama hakusema Roma hata siku moja," akasema. "Alisema Lome. Lome ya vitenge, kure karibu na Ghana. Weye miaka yote ulikuwa unasikia nini?"

Akanieleza. Akasema zamani, kabla sijaja kwako, alipita dukani kwake mama mmoja mfanyabiashara kutoka Lome, mnene, mikufu mpaka kifuani, anauza vitenge kwa marobota. Wewe ulikuwa umekwenda kununua uzi. Mkashikana na Kifaransa chenu mpaka adhuhuri, na uzi ukausahau juu ya meza. Yule mama akakuambia kwao wanawake ndio walioshika biashara ya vitambaa, na bahari ipo hapo hapo mjini, ukimaliza kununua unakwenda kunawa miguu. Toka siku ile, anasema Baba Idi, ulikuwa kila ukija unamwambia kwamba utafika.

Maneno yako yakaanza kunirudia moja moja. Uliposema kule bahari iko mjini kabisa, mimi niliwaza mbona kwenye picha Roma ina mto tu, nikasema labda picha hazikufika upande ule. Uliposema wanawake wa kule ndio wakubwa wa nguo, nikafikiri unawasema wabunifu wa Italia. Uliposema tusibebe masweta, nikajua umeulizia majira. Uliposema Kifaransa chako kitatutosha, nikasema moyoni huyu mama Waitaliano watamshangaa, nikanyamaza kwa adabu. Na mimi kila nikitaja Roma, wewe nawe ulikuwa unajiambia huyu mtoto wa Karagwe hawezi hata kutamka Lome, ukanyamaza kwa adabu yako. Miaka yote hiyo, mama yangu, tulikuwa tunafungasha mizigo ya miji miwili, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Nikamuuliza Baba Idi, sasa na Papa? Yeye Mama Sauda alimjua Papa yupi?

Hapo ndipo alipocheka yeye. Alicheka akashika kaunta. Akasema papa samaki, yule mkubwa wa baharini mwenye meno. Mimi najua nini, Mama Sauda? Sisi wa Karagwe tunamjua sangara, tunamjua sato. Papa tuliyelelewa naye ni wa Vatikani peke yake. Lakini wewe babu yako alitoka pwani na biashara yake, na nyumbani kwenu papa mkavu alisimuliwa kama watu wanavyosimulia sikukuu. Kumbe nilipokuambia nataka kumwona hata dirishani, wewe uliona dirisha la muuza samaki.

Kisha Baba Idi akaacha kucheka, akanitolea la mwisho. Akasema mwaka ule ulikwenda kwake ukiwa na wasiwasi. Ulimwambia hivi, na amenirudishia maneno yako kama yalivyo: "Velediana anapenda papa mpaka akisema habari yake machozi inatoka. Iko namna ya kumpatia?" Baba Idi mwenyewe alishangaa, mtoto wa Kikatoliki wa ndani kabisa kumpenda samaki kiasi hicho, lakini akamtuma dereva wa lori anayekwenda Dar es Salaam. Ilichukua muda. Ulikuwa unapita kuulizia, unarudi mikono mitupu, unapita tena, kwa sababu Noeli ilikuwa inakaribia na hukutaka sikukuu yangu ipite hivi hivi.

Yure wako.

Nilicheka, Mama Sauda. Nilicheka mpaka wanunuzi wa duka la pili wakaja kuchungulia. Halafu kicheko kikageuka katikati, nikajikuta nalia kwa sauti kati ya marobota ya vitenge, na sikuona haya. Ulinisikia nasema kitu ambacho hakina maana yoyote, kwamba namlilia samaki tangu utotoni, na hukunicheka. Ulisema pole. Ukatoka, ukamtafuta.

Na mimi nilimwekea pilipili nyingi ili nisisikie ladha yake.

Kutoka pale mpaka ofisi ya tiketi siyo mbali, lakini niligombana na nafsi yangu njia nzima. Roma nimeitaka tangu komunio ya kwanza. Nimeitaka kabla sijakujua wewe. Safari ni moja, nyingine sijui kama nitaipata, na nikisema Roma hakuna atakayenilaumu, hata wewe usingenilaumu. Nilisimama mlangoni pale nikiwapisha watu wanaoingia na kutoka, nikijidai natafuta simu. Nikafikiria nikifika Roma nitasimama uwanjani na furaha yangu yote, halafu nitageuka kukuambia kitu, na nitakumbuka kwamba hukuwahi kutaka kuwa pale. Nikafikiria na ule mji wako, na mama yule wa mikufu, na maji ya kunawa miguu, na kwamba kama mimi siendi hakuna mtu mwingine hapa duniani atakayekwenda kwa niaba yako. Papa wa Roma yupo. Akiondoka huyu wanaweka mwingine, siku zote dirisha lina mtu.

Nikaingia. Msichana akanikumbuka, akauliza kama kuna kosa kwenye karatasi.

Nikasema, "Hakuna kosa. Ni Lome."

Nikalipa hapo hapo, nisije nikabadilika. Nilipotoka nje nilikuwa mwepesi, nikanunua muhindi wa kuchoma na kuutafuna barabarani kama msichana wa shule. Nikapitia Busanza kwa Sauda. Nilipomweleza habari ya papa alicheka mpaka Mwajuma akaamka na kuanza kukemea, ndipo Sauda akaenda kabatini akanitolea kile kitenge cha njano ulichokuwa hukubali kikatwe. Kila Idi tulikuuliza, kila Idi ukasema hicho ni cha safari. Amesema nikikate. Nitakikata leo, nikishamaliza barua hii, gauni refu la mikono mipana jinsi ulivyokuwa unapenda, na pindo nitalishona kwa cherehani yako. Mashine ya umeme haitakigusa.

Nitavaa na futi yako shingoni. Mkasi hawaruhusu kwenye ndege, nimeshaulizia, lakini futi hakuna anayeikataza. Nataka wale akina mama wakiniona tu wajue kwamba huyu ni fundi na ametumwa na fundi.

Mwenye gauni la bluu ndiye huyo anavuka barabara, na mkononi ana kitambaa kingine, kwa hiyo inabidi nikuage. Pumzika vizuri, mama yangu. Usihangaike na ateriye. Mlango nafunga mwenyewe, taa nazima, na chai ya saa nne bado namwaga tone lako kabla sijanywa, ingawa ulinikataza ukisema ni ushirikina wa watu wa Karagwe.

Nakuahidi haya. Nitaingia soko lao na Kifaransa changu cha kuokota, nitasema nimetoka kwa Mama Sauda wa Remera. Nitanawa miguu baharini, mmoja wangu, mmoja wako. Nitamtafuta papa. Sijui kama wanamla kule, ila akiwepo sitamwangalia tu, nitamla na wali, nzi awepo asiwepo, na safari hii bila pilipili. Na Mungu akinipa uzima, mwaka mwingine nitakwenda na Roma. Nikifika pale uwanjani, dirisha likifunguliwa na watu wote wakipiga makofi, mimi nitasema kwa ulimi wako, uelewe: Mama Sauda, tumefika Lome.

Ni mimi mwana wako,
Velediana